Ramani Nyuma ya Mlango wa Kabati

Methali ninayoitolea ushahidi hapa si ya mezani. Watu wazima huisema kwa sauti ya chini watoto wakiwa karibu, na wengine huikohoa badala ya kuisema. Hata hivyo maana yake haina ugumu: anayeona haya kuonekana alivyo, hata mbele ya yule awezaye kumsaidia, huondoka na shida yake kama alivyokuja nayo. Sijamwona mtu aliyeijua methali hiyo vizuri kuliko mama mmoja mkunga, wala aliyeisahau vibaya kuliko yeye.

Mkunga huyo alifanya kazi katika zahanati yenye vitanda vitatu vya kujifungulia na pazia moja la plastiki. Wasichana wa uzazi wa kwanza walimfikia wamejifunika shuka hadi kidevuni, wameikaza miguu, machoni wamejaa hofu. Naye aliwatania, "Mwanangu, linalozaa ni hilo shuka au ni wewe? Lishushe. Hapa mficha uchi hazai." Msichana alicheka apende asipende, shuka likashuka, na kazi ikaanza.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo, gari pekee la aina hiyo katika mji wao. Lilikuwa na tangi la kijani lililobabuka rangi, pampu iliyokohoa kama mvutaji sigara, na mpira mnene uliozungushwa ubavuni. Watoto wa mtaani waliliita gari hilo Marashi, na dereva wakamwita Mzee Marashi. Hakununa hata siku moja. "Chekeni tu, waheshimiwa," aliwaambia. "Kila mkubwa ana shimo lake, na funguo ninazo mimi."

Aliyenuna ni mkewe, na tusimhukumu haraka. Katika mwaka wake wa pili kazini, mama mmoja aliyekuwa katika uchungu alimjua ni mke wa nani, akaupiga teke mkono wake. "Mikono inayolala na mvuta vyoo isimguse mwanangu!" alipiga kelele, na wauguzi wote wakasikia. Mkunga alinawa, akatoka, akasimama nyuma ya jengo mpaka mwenzake alipomzalisha yule mama. Nyumbani hakusema neno. Tangu siku hiyo, akiulizwa kazi ya mume wake, alijibu, "Yuko upande wa maji," kisha akageuza mazungumzo.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, wa kike. Baba yake alimwita Spana, kwa kuwa tangu akiwa na miaka sita aliweza kuitambua spana ya kumi na tatu kwa kuipapasa. Kila Jumamosi alipanda gari na baba yake. Mpira ulipokuwa ukiziba kwa matambara, Spana, akiwa na miaka kumi na minne, alisuka kikapu cha nondo nyembamba na kukifunga kwenye mdomo wa mpira, na tangu hapo baba yake hakuingiza tena mkono mle ndani.

Halafu kulikuwa na ramani. Kila shimo walilolinyonya, Spana alipima kina chake kwa kamba yenye mafundo, akahesabu hatua hadi kwenye kisima cha jirani, na jioni akatia alama juu ya kalenda za zamani alizozigeuza na kuziunganisha kwa gundi. Nukta nyekundu ilikuwa shimo, nukta ya bluu ilikuwa kisima. Mama yake alipotoka kazini, Spana alimwuliza watoto wa kuharisha wameletwa kutoka mitaa gani, kisha akaweka misalaba midogo. Baada ya miaka miwili misalaba ilikuwa imejazana katika vichochoro vitatu nyuma ya soko, mahali ambapo mashimo na visima vilikaribiana kama watu wanaonong'onezana.

Mkunga alipoiona picha hiyo alikwenda mwenyewe katika vichochoro vile, mlango kwa mlango, kuwaambia kina mama wachemshe maji ya kunywa. Mwaka uliotangulia, watoto thelathini na mmoja wa huko walikuwa wameletwa zahanati msimu wa mvua, na watatu wakazikwa. Mwaka huo waliletwa wanne, na wote wakarudi nyumbani. Mkunga alimkumbatia bintiye akalia kwa fahari. Kisha akaibandika ramani upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo, ambako mgeni yeyote asingeiona.

Spana alipofika kidato cha mwisho, mwalimu wake wa fizikia alimwita ofisini. Alikuwa ameandika katika karatasi majina ya vyuo vikuu saba vya Marekani ambavyo, kwa kadiri alivyoweza kuchunguza, vingeweza kumsomesha bure mwanafunzi wa nje asiye na uwezo. Hakumpaka asali midomoni.

"Wanaoomba ni maelfu kwa maelfu," alisema. "Wa kutoka nje wanaochukuliwa na chuo kimoja, ukiwapanga vizuri, hawajazi mabasi matatu. Na usitegemee alama. Kila anayeomba ana alama nzuri, wewe na wenzako dunia nzima. Alama zinakufikisha mlangoni. Pale mlangoni wanakuuliza: wewe ni nani, umetoka wapi, na umefanya nini na kidogo ulichokuwa nacho?"

"Sasa mimi nitawajibu nini, mwalimu?"

"Wewe?" Mwalimu alicheka. "Wewe unauliza? Waandikie gari, binti. Waandikie ramani. Nimefundisha miaka ishirini na mbili, sijapata mwanafunzi mwenye jibu kama lako."

Spana alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Mwalimu alikuwa amemwazima kompyuta yake ya mkononi, naye akaiweka juu ya meza ya chakula. Baba alikuwa kazini. Mama alivuta kiti akaketi karibu naye, miwani puani. Fomu moja ndiyo ingekwenda vyuo vyote saba. Waliijaza taratibu hadi walipofika mahali palipouliza kazi ya baba.

"Andika mhandisi wa maji," mama alisema.

Spana alidhani ni utani. "Mama, baba si mhandisi."

"Pampu haendeshi? Mabomba hayajui?"

"Kinachopita kwenye mabomba yake si maji, mama."

"Usinichekeshe, leo sicheki." Mkunga alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alimsimulia bintiye habari ya teke lile, na ya kusimama nyuma ya jengo. Aliisimulia kana kwamba ni jambo la jana. "Watu wakishajua, mwanangu, pua zao zinafunga kabla masikio hayajafunguka. Na hao wa huko wana pua vilevile. Nafasi yenyewe ni tundu la sindano. Unataka kupita hapo ukinuka?"

"Na kipato? Wataona."

"Kipato tutajaza ukweli. Mshahara mdogo si aibu, hata wahandisi wanalipwa vibaya."

"Na ramani je?"

"Ukiitoa ramani watauliza umeyajuaje mashimo ya watu." Mama aliushika mkono wake. "Nisikilize mimi. Mimi ndiye niliyepigwa teke, si wewe."

Nani angempinga mama aliyesema maneno kama hayo? Spana aliandika mhandisi wa maji. Mahali pa kueleza maisha yake aliandika kuhusu chama cha mdahalo cha shule, ambamo alikuwa amesimama kuzungumza mara mbili, na kuhusu kituo cha watoto yatima ambacho darasa lao lilikitembelea asubuhi moja. Aliandika kwamba ziara ile ilimbadilisha. Mwalimu wa fizikia aliposoma alisema, "Huyu uliyemwandika mimi simfahamu." Spana alimsihi asilitaje gari katika barua yake ya kumpendekeza, akamsihi mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu alikubali shingo upande. "Basi barua yangu itakuwa kama ya mtoto yeyote," alisema.

Mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Spana aliusoma mara mbili, akaandika jina lake.

Baada ya wiki kadhaa aliitwa kuhojiwa. Mhojaji alikuwa daktari wa macho aliyekwisha kustaafu, mzee mpole aliyesoma katika kimoja cha vyuo vile ujanani mwake, na ambaye kila mwaka aliwasaili vijana wa mji ule katika chumba cha kliniki yake ya zamani. Asubuhi hiyo mkunga alimsugua bintiye kama anayesugua sufuria iliyoungua, akampulizia manukato hata daktari akapiga chafya mara tatu kabla ya kumpa mkono na kumwuliza kazi ya baba yake. Spana akajibu, mhandisi wa maji.

"Karibu, mwanangu. Niambie, baada ya masomo unafanya nini?"

"Nafanya mdahalo, daktari. Na kusoma vitabu."

"Jumamosi je?"

Spana aliitazama mikono yake. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mweusi wa grisi ambao hata mama hakuuona. Akaikunja ngumi. "Jumamosi napumzika."

Daktari alingoja. Alikuwa na tabia ya kungoja, tabia ya mtu aliyezoea wagonjwa wanaosoma herufi ubaoni polepole. "Hakuna kitu chochote umewahi kutengeneza, kuchunguza, hata kama ni kidogo? Hata kama unakiona cha kipuuzi?"

Naam, mlango ulikuwa wazi. Angesema neno moja tu, "ramani", na mengine yangefuata yenyewe. Akawaza pua zinazofunga. "Hapana, daktari," alisema. Mzee akaandika kitu kifupi, akamshukuru, akamtakia heri.

Nyumbani baba yake alikuwa kama mtoto. Alinunua sanduku kuukuu lililovunjika gurudumu, akalitengenezea gurudumu jipya, kisha akawa analivuta sebuleni huku na huko kulijaribu. Hakujua Kiingereza cha kusoma fomu wala hakuomba asomewe. Alijua jambo moja: kwamba mwalimu alisema ramani itampeleka binti yake mbali.

Majibu yalikuja ndani ya siku tisa, moja baada ya jingine, yote kwa adabu na yote kwa maneno yanayofanana. Tunasikitika. Tunasikitika. Lilipofika la saba, Spana hakulifungua. Mama yake ndiye aliyelifungua, akasoma, akafunika kompyuta kama anayefunika uso wa maiti.

Baba aliketi kando ya binti yake ukingoni mwa kitanda. "Basi ramani hawakuipenda?" aliuliza.

Spana alijibu, "Labda hawakuielewa, baba."

"Ni kosa langu," dereva alisema baada ya kufikiri. "Ningekuvutia mistari iliyonyooka. Ile kamba ilikuwa inapinda." Spana aligeukia ukuta ili baba asimwone uso, akalia kwa uchungu ambao kukataliwa na vyuo saba hakukuwa kumemletea.

Sasa alipanda gari kila siku, kwa kuwa shule ilikuwa imekwisha na hakuwa na pa kwenda. Mvua zilianza na mashimo ya mji yakafurika. Jumatano moja simu ililia, na dereva akaelekezwa kwenye nyumba yenye geti jeupe mtaa wa juu. Spana alishuka akiwa amevaa buti za mpira na ovaroli la baba yake lililokunjwa mikono. Alifunua mfuniko, akashusha kamba ya mafundo, akahesabu hatua hadi kwenye kisima, akafunga kikapu chake mdomoni mwa mpira. Pampu ilikataa kuvuta. Alilala chali chini ya tangi, akaomba spana ya kumi na tatu, na baada ya muda pampu ikakohoa na kukubali.

Alipotoka chini ya gari aliona viatu, kisha suruali, kisha uso wa daktari wa macho.

Mzee hakumtambua mara moja. Alikuwa amesimama hapo muda mrefu, akishangaa. "Hicho kikapu mmekinunua wapi?" alimwuliza dereva.

"Kinunuliwe wapi, mzee wangu?" Dereva alijaa furaha, hakuna alichopenda kukisimulia kuliko hicho. "Katengeneza huyu binti yangu akiwa na miaka kumi na minne. Na hiyo kamba unayoiona anachorea ramani. Mashimo ya mji mzima anayo nyumbani, na visima, na watoto wanaougua. Vichochoro vya nyuma ya soko watoto wameacha kufa kwa sababu yake. Muulize mama yake, ni mkunga, yeye ndiye aliyekwenda kugonga milango."

Daktari alimgeukia Spana, akamtazama kama alivyomtazama siku ile, akingoja. Ndipo alipomjua. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Lakini wewe," alisema polepole, "baba yako si mhandisi wa maji?"

Pampu ilikuwa ikinguruma. Dereva aliizima ili asikie vizuri. "Nani mhandisi?" aliuliza, bado akitabasamu.

Tabasamu lake lilikaa usoni kwa muda, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imeahirishwa, kisha likaondoka. Alilitazama ovaroli la binti yake, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaelewa.

"Nilikuuliza," daktari alimwambia Spana. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuuliza mara mbili. Unajua niliandika nini? Niliandika: binti mwenye adabu, hodari darasani, sikuona zaidi. Mwaka huu niliwasaili vijana kumi na wawili, wote wana adabu, wote hodari darasani. Mimi nilikuwa nikitafuta mmoja kama wewe, nawe ulikaa mbele yangu."

"Anaweza kuomba tena mwakani?" Dereva ndiye aliyeuliza.

"Kuomba anaruhusiwa." Daktari alitikisa kichwa. "Lakini wanaitunza fomu ya kwanza. Akiandika leo kwamba baba ni dereva wa gari hili, watauliza yule mhandisi amekwenda wapi. Nami nikiulizwa sitasema uongo. Nafasi ni chache, ndugu yangu. Hawana haja ya kuhangaika na mtu ambaye maneno yake mawili hayapatani."

Dereva aliitikia kwa kichwa. Kisha akaiwasha pampu tena, kwa maana shimo la watu lilikuwa bado limejaa, akalinyonya hadi chini, akazungusha mpira, akarudisha mfuniko mahali pake.

Nyumbani alivua buti mlangoni kama kawaida yake. Mkunga alikuwa akipasi sare ya kazi.

"Mke wangu," alisema, "mimi nimekuwa mhandisi tangu lini?"

Pasi ilibaki hewani. Mkunga alimtazama bintiye, akaona kila kitu. Akaketi, na yale aliyoyaficha miaka mingi yakamtoka: teke, kelele, ukuta wa nyuma ya zahanati. "Sikutaka uumie," alisema huku akilia. "Sikutaka naye apigwe teke kama mimi."

"Ningejua siku ile ningeumia siku ile," mumewe alisema. "Ningeumia, tungelala, tungeamka. Leo nimeumia mbele ya mtu nisiyemjua, na mtoto amekosa shule." Hakupaza sauti. Alikwenda bafuni, na maji yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Tangu siku hiyo aliacha kuliegesha gari mbele ya nyumba. Aliliacha mtaa wa pili na kurudi kwa miguu akiwa ameshika buti mkononi, na watoto walipomwita Mzee Marashi hakuwajibu tena kwa utani. Mkewe alimsihi alirudishe gari mahali pake. "Pale lilipo panatosha," alijibu. Sanduku lenye gurudumu jipya lilisukumwa chini ya kitanda. Spana alifungua mlango wa kabati, akaibandua ramani, akaikunja na kuiweka ndani ya sanduku hilo.

Juma lililofuata aliletwa zahanati msichana wa uzazi wa kwanza. Alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, magoti ameyabana, jasho linamtiririka. Wauguzi walimgeukia mkunga, wakingojea ule utani wao. Mkunga alifungua kinywa, na badala ya utani yakatoka machozi.

Msichana alishtuka. "Mama, vipi? Mwanangu amekufa?"

"Hapana, mwanangu. Wako yu hai, namsikia hapa." Mkunga alimpangusa jasho kwa mkono uleule uliowahi kupigwa teke. "Wako bado tunaweza kumpata. Lishushe shuka usione haya. Mimi wangu nilimfunika mwenyewe kwa mikono hii, walipokuja kumtazama hawakumwona, na sasa nimemkosesha dunia. Lishushe, mama. Mficha uchi hazai."